Nyundo ya Fundi wa Reli

Enzi za injini za mvuke, treni ya Mbale haikutoka Tororo kabla fundi hajapita kando ya mabehewa na nyundo yake ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa mlio butu, mkavu, na behewa lake likakatwa na kuachwa pembeni. Kipimo chake kilikuwa sikio.

Njia ya Tororo, Mbale hadi Soroti ilikamilika mwaka 1929, ikipita Nakaloke, mwendo mfupi kaskazini mwa mji wa Mbale. Semei Kakungulu, aliyeuanzisha mji huo, alifariki Novemba 1928, kwa hiyo treni ya Soroti hakuiona. Jinja ilikuwa na reli yake tangu 1912, ya kwenda Namasagali, ambako pamba iliyovuka Ziwa Kyoga kwa meli ilipakiwa kwenye treni. Daraja la Nile lilifunguliwa 1931, na Kampala ikaunganishwa na Mombasa. Hayo yote vitabu vinayo. Fundi aliyezifanya treni zitembee ndiye aliyesahauliwa.

Kazi yake ilikuwa chafu kweli. Maji ya boila huacha chumvi inayogandamana kama ukoko wa chungu, na ukoko ukizidi, chuma hupata moto kupita kiasi. Basi kila baada ya muda injini ilizimwa, ikaachwa ipoe, vizibo vikafunguliwa, mabomba yakasafishwa. Mwenye haraka aliungua. Miaka ya 1950 kuni zilikuwa zimeachia nafasi mafuta mazito, na masizi yake hayakutoka kwenye kucha hata kwa sabuni ya kufulia.

Kulikuwa na Garratt, injini ndefu yenye seti mbili za magurudumu na boila katikati, iliyoundwa ili uzito ugawanyike kwenye reli nyepesi. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilinunua 29 za daraja la 60 na kuzipa majina ya magavana wa Kiingereza. Baada ya uhuru vibao viling'olewa. Bila shaka spana zilizowang'oa magavana ni zile zile zilizokaza boliti siku zote.

Jioni fundi alirudi kota. Hapo Mgisu alipakana ukuta na Mluo, Mteso na Mkamba, na wake zao walikopeshana chumvi kwa Kiswahili, maana lugha nyingine ya pamoja hawakuwa nayo. Barua ya uhamisho ilikuja bila hodi: Eldoret, Nakuru, hata Tabora. Familia ilifunga magodoro, ikapanda treni kwa pasi ya shirika. Ndiyo sababu katika nyumba moja kifungua mimba angeweza kuzaliwa Tororo na kitinda mimba Nairobi, wote wakiitana kwa Kiswahili cha reli huku bibi yao kijijini akiwashangaa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Uganda ikaunda shirika lake la reli, lakini karakana kubwa ilibaki Nairobi, ng'ambo ya mpaka. Baadaye karakana ya Nalukolongo, Kampala, ilichukua kazi hiyo. Kota zikawa za nchi tatu, na mjomba wa Eldoret akawa mgeni wa kuombewa karatasi. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ulikubaliwa 1984 tu, huku malipo ya wastaafu yakiwa kilio cha miaka mingi zaidi.

Njia ya kaskazini, kutoka Tororo kupitia Soroti hadi Gulu, ililala kwa muda mrefu. Mwaka 2013 treni ya mizigo ilifika tena Gulu, kisha ukarabati wa kilomita 375 kutoka Tororo ukapangwa.

Katika shule nyingi za mashariki mwa Uganda kipande cha reli huning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma saa za kuingia darasani. Kipande kizima husikika hadi shambani. Chenye ufa hutoa mlio butu, mkavu.