Mizimu ya Japani na Majini ya Dar es Salaam

Wanafunzi wetu hapa Kampala huuliza kama filamu za kutisha ni fasihi. Sisi twajibu kwamba ni fasihi. Mwaka 2000 Takashi Shimizu alitengeneza Ju-On kwa video, kwa gharama ndogo. Mzimu wake, mwanamke aliyeuawa na mumewe, una asili ya kale: mwaka 1825, katika tamthilia ya Yotsuya Kaidan, mke aliyedhulumiwa alikwisha kurudi jukwaani kulipiza kisasi. Huko Dar es Salaam, Mussa Banzi naye alitoa Shumileta mwaka 2005, jini wa hadithi zetu akizungumza Kiswahili. Wote wawili hawakuhitaji fedha nyingi, kwa kuwa hofu yenyewe ilikwisha kusimuliwa na mabibi. Tukiacha kuwasikiliza, tutabaki na kamera tu.