Aloi Himilijoto na Chakavu Zake

Katika gereji na minada ya Nyaishozi, kama kwingineko nchini, metali iliyokwisha kazi aghalabu huitwa chuma chakavu, jina ambalo latosha kwa jembe lililolika, lakini hudhulumu pale linapobebeshwa zile aloi za nikeli na kobalti, zenye kromu na mara nyingine reniumu, ambamo chuma ni kidogo au hakimo kabisa, na ambazo kwazo hutengenezwa mapanga ya injini za jeti, yazungukayo katika joto lipitalo nyuzi 1,000 za Selsiasi pasipo kulegea.

Kwa Kiingereza zimepewa jina lenye maana ya aloi ipitayo aloi zote. Tukilifuata tukasema aloi kuu, tutakuwa tumekisifu kitu bila kueleza kazi yake. Napendelea aloi himilijoto, kwa kuwa himili ni kubeba na kuvumilia kwa pamoja, nazo aloi hizi hubeba mzigo zikiwa motoni; kuvumilia moto peke yake, hata tofali la tanuri huweza.

Kuzirejeleza ni kuziyeyusha upya, ila taabu kubwa hutangulia moto. Nikeli huyeyuka katika nyuzi 1,455, ilhali bati, walichimbalo watu wa Kyerwa, huyeyuka katika nyuzi 232 tu. Lakini kinachohofiwa zaidi ni uchafu, kwani risasi au bismuthi, hata ikiwa sehemu chache katika milioni, huweza kuifanya metali ivunjike kazini, na bati lenyewe limo katika orodha ya maadui hao. Kwa hiyo chakavu hubaguliwa, huoshwa mafuta, hupimwa kwa eksirei, ndipo huyeyushwa katika tanuri lililoondolewa hewa. Zisizotambulika hushushwa daraja, zikatiwa katika chuma kisichoshika kutu, na kobalti yake ikapotelea humo.

Jambo hili latuhusu. Kabanga, wilayani Ngara, katika mkoa wetu huu wa Kagera, kuna nikeli na kobalti ardhini, na tangu mkataba wa 2021 taifa lina hisa 16 kwa mia katika Tembo Nickel, kampuni yenye mradi huo. Basi nawasihi walimu wa ufundi wa Karagwe na Kyerwa wayafundishe majina haya mawili, chuma chakavu na aloi himilijoto, mbalimbali, pamoja na kipimo cha kwanza kilicho rahisi, yaani sumaku: chuma cha kawaida huvutwa, na aloi himilijoto za nikeli aghalabu hazivutwi, na kwa sababu shaba na aluminiamu nazo hazivutwi, kipande kilichoikataa sumaku kiwekwe kando, kipimwe kwanza, kisiuzwe kwa jina la chuma.