Mkono na Moyo: Mfanyakazi na Shughuli Yake katika Historia Yetu

Watu wengi wanapotaja utamaduni wa taifa hukumbuka ngoma, mavazi, vyakula, na mila za arusi na misiba. Ni mara chache wakakumbuka kwamba namna watu wanavyofanya kazi pamoja nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Ni nani aamuaye kazi ifanywe vipi? Ni nani amkemeaye mvivu? Na mfanyakazi akiliona kosa la mkubwa wake, je, anayo njia ya kulisema? Majibu ya maswali hayo hueleza tabia ya jamii kama vile nyimbo zake zinavyoieleza.

Katika insha hii tunakusudia kulitazama jambo moja katika historia ya Tanzania, nalo ni hili: kila shughuli, iwe ya shamba, bandari, kiwanda au ofisi, huvuna kwa mfanyakazi kadiri ilivyomshirikisha. Ikimwita kwa ajili ya mikono yake tu, itapata mikono. Ikiutaka na moyo wake na akili yake, haina budi kumpa sauti.

Tuanze na kazi za wazee wetu. Kabla ya kuja kwa ajira ya mshahara, kazi nzito zilifanywa kwa ujima. Katika milima ya Upare watu walikusanyika kwa msaragambo kuchimba na kusafisha mifereji ya maji, na kutengeneza ndiva, yaani mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Kila mtu aliijua faida ya kazi ile, kwani maji yaliyopita katika mfereji ndiyo yaliyofika katika shamba lake. Hakuhitajiwa msimamizi wa kusimama juu ya kichwa chake. Aliyetega alijulikana kwa wenzake, na aibu na faini vilimrudisha kazini.

Usukumani vilikuwako vikundi vya kulima ambavyo wanachama wake waliingia shambani kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Ngoma ya Bugobogobo, ambayo leo huchezwa majukwaani kwa majembe, imetokana na kazi hiyo. Vyama vya Bagalu na Bagika, ambavyo mashindano yao baada ya mavuno yanajulikana nchi nzima, vimekua katika mazingira hayo hayo ya kazi na ushindani. Tusidhani kwamba wimbo ule ulikuwa pambo tu. Uliwapatanisha wafanyakazi mwendo, uliwapunguzia uchovu, tena ulikuwa mahali pa kusema. Katika wimbo mtu aliweza kumsifu mkarimu na kumchoma bahili aliyewalimisha watu mchana kutwa bila chakula cha maana.

Hata hivyo hatutaki kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Ujima nao ulikuwa na wakubwa na wadogo wake, na mara nyingi sauti ya mwanamke haikusikika sawasawa na ya mwanamume ingawa jembe lake halikuwa jepesi. Lakini somo moja linabaki: kazi ilikwenda kwa sababu aliyeifanya aliihesabu kuwa yake.

Baadhi ya desturi hizi zilisafiri na wapagazi katika karne ya 19. Misafara ya biashara iliyotoka pwani, hasa Bagamoyo, ikipita Unyanyembe hadi Ujiji kwa masafa yapatayo zaidi ya kilomita 1,000, ilibebwa kwa mabega ya watu. Wanyamwezi ndio waliosifika zaidi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na vyombo vya mpagazi mwenyewe. Msafara uliongozwa na kirangozi, ambaye aghalabu alikuwa mmoja wa wapagazi, aliyeijua njia na aliyekubaliwa na wenzake. Wapagazi waligawanyika katika makundi ya kupika na kula pamoja, walikuwa na nyimbo zao, na walikuwa na msimamo wao juu ya posho na mapumziko. Tajiri aliyepunguza posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu wamekaa. Aliyewatesa aliamka akakuta wametoroka.

Maandishi ya wasafiri wa Ulaya wa wakati ule yamejaa malalamiko juu ya utoro huo, na wengi wao waliuita uvivu au hiana. Sisi tukiyasoma leo tunaona jambo jingine. Watu waliotembea miezi mitatu na zaidi wakiwa na mzigo begani hawawezi kuitwa wavivu. Utoro ulikuwa ndiyo kauli ya mwisho ya mtu ambaye kauli zake za kwanza hazikusikilizwa.

Utawala wa kikoloni ulileta ajira ya namna nyingine, na lugha yetu imeweka kumbukumbu yake. Tutazame maneno mawili. Kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi yake. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Manamba ni neno lililotokana na nambari: wafanyakazi wa mkataba walioletwa katika mashamba ya mkonge walitambuliwa kwa namba. Mkonge ulioletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf ulienea Tanga, Korogwe na Morogoro, nao ulihitaji maelfu ya watu. Wakatolewa Ubena, Uha, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na siku haikuhesabiwa mpaka kazi iliyopangwa imalizike. Mtu aliyekuwa kwao mkulima hodari, fundi wa ngoma au mshauri wa ukoo, shambani alikuwa karatasi na namba. Je, ni ajabu kwamba alitoa kilichodaiwa na namba yake, asizidishe hata kidogo?

Hasara ya kutomsikiliza mwenye kuijua ardhi ilidhihirika katika Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Wataalamu walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, hasa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha zilikuwako, na matrekta yaliletwa. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na mvua haikuja kwa ratiba ya mipango. Wagogo walioishi na ardhi ile kwa vizazi walizijua tabia za mvua hizo, lakini ujuzi wao haukupewa nafasi katika mahesabu. Mpango ulipovunjwa mwaka 1951, hasara iliyofutwa ilikuwa kiasi cha paundi milioni 36.

Bandarini hali ilikuwa hiyo hiyo. Makuli wa Dar es Salaam waliajiriwa kwa kutwa: leo yuko kazini, kesho hana. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mwezi wa Septemba 1947 mgomo wao uliwafikia wafanyakazi wa reli, ukafuata njia ya Reli ya Kati kuelekea bara. Hapo ndipo wakubwa walipotambua kwamba watu waliowaona kuwa mikono ya kupakia na kupakua walikuwa na fikra, na tena wanaweza kupatana. Mishahara iliongezwa, na makuli wakaunda chama chao. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1950 baada ya mgomo ulioingia ghasia, lakini mbegu ilikwisha kupandwa. Mwaka 1955 lilizaliwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Hivyo mapambano ya kupata sauti kazini yakaungana na mapambano ya kupata sauti katika nchi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, swali lilibadilika. Zamani liliulizwa: mfanyakazi atajiteteaje mbele ya mgeni? Sasa likawa: mfanyakazi atakuwa nani katika shughuli ya nchi yake mwenyewe? Mwaka 1964 ziliundwa kamati za wafanyakazi kwa sheria, na katika mwaka huo huo vyama vyote viliunganishwa kuwa NUTA. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma. Lakini hati ya kumiliki ilibadilika upesi kuliko tabia ya ofisi. Mfanyakazi aliambiwa kiwanda ni chake, naye alipoingia langoni alikuta amri zile zile, na pengine matusi yale yale, ila sasa yanatamkwa kwa Kiswahili fasaha.

Rais Nyerere aliliona tatizo hilo. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, ili wafanyakazi wajadili mipango, uzalishaji na ubora wa kazi. Mwezi wa Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, ambao katika kifungu chake cha 15 uliwakataza viongozi kuwa na kiburi, anasa na uonevu. Wafanyakazi wengi walikihifadhi kifungu hicho moyoni.

Yaliyofuata yanastahili kuzingatiwa na kila mwenye kuongoza watu. Mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, na wakubwa wa kazi walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Mara nyingi mipango ililetwa imekwisha kamilika, wajumbe wakatakiwa kuipigia makofi. Sauti iliyokosa njia ndani ya baraza ilitafuta njia nje yake. Katika miaka ya 1971 hadi 1973 ilitokea migomo mingi, na mara nyingi chanzo chake hakikuwa mshahara bali heshima: meneja aliyetukana watu, au aliyeitumia mali ya umma kama yake. Pengine wafanyakazi waliwafungia wakubwa nje, na mwaka 1973 baadhi yao mjini Dar es Salaam walijaribu kuendesha viwanda wao wenyewe. Serikali, ambayo mwanzoni iliwasikiliza, mwishowe iliikomesha migomo hiyo, na wako waliopoteza kazi zao.

Wako wasemao kwamba migomo hiyo ilithibitisha kuwa mfanyakazi akipewa sauti nidhamu huvunjika. Hatukubaliani nao, ingawa hofu yao tunaielewa. Ni kweli kwamba sauti isiyo na wajibu huharibu kazi, na ujima wenyewe unatufundisha hivyo: aliyekuwa na haki ya kuimba shambani alikuwa na jembe mkononi. Lakini mwaka 1971 watu hawakuwa wamepewa sauti. Walikuwa wameahidiwa, na kuahidi bila kutimiza ni kubaya kuliko kutoahidi. Asiyeulizwa kamwe huzoea kunyamaza. Aliyeulizwa kisha jibu lake likatupwa hujua kwamba amedharauliwa.

Tangu hapo mengi yamepita. NUTA ilifuatwa na JUWATA mwaka 1978. Hali ya uchumi ikawa ngumu katika miaka ya 1980, na kuanzia miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yaliuzwa au kufungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mwajiri na chama cha wafanyakazi kupatana juu ya namna ya kuwashirikisha wafanyakazi, na katika taasisi za umma mabaraza ya wafanyakazi yangaliko. Kwa hiyo umbo tunalo. Linaloulizwa ni kama ndani yake mna kitu. Baraza linalokutana ili kumbukumbu ziandikwe, na sanduku la maoni ambalo ufunguo wake umepotea, ni ndugu wa mabaraza yale ya kupiga makofi.

Tukirudi tulikoanzia, historia hii inatuonyesha kwa nini shughuli yoyote inamhitaji mfanyakazi mzima, wala si mikono yake peke yake. Kwanza, aliye karibu na kazi huyaona mambo ambayo aliye juu hawezi kuyaona, kama ilivyokuwa kwa udongo wa Kongwa. Pili, mtu hulinda kile anachokihesabu kuwa chake. Mfereji wa msaragambo haukuhitaji mlinzi, lakini mashine ya mtu asiyethaminiwa itaharibika huku yeye akitazama. Tatu, asiyesikilizwa hatimaye huondoka. Mpagazi alitoroka usiku. Mfanyakazi wa leo huandika barua ya kuacha kazi, au, jambo ambalo ni baya zaidi, hubaki kitini pake huku moyo wake umekwisha kuhama zamani.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kiongozi wa kazi ni kinga kimoja, naye hata akiwa na elimu kubwa namna gani hawezi kuwaka peke yake. Wajibu wetu, sisi tunaorithi ujima wa wazee na mapambano ya makuli, ni kuhakikisha kwamba katika kila mahali pa kazi kirangozi anajulikana na wanaomfuata, posho haipunjwi, na wimbo wa wafanyakazi unasikilizwa hata pale unapomchoma mwenye shamba. Taifa likiyafanya hayo litapata mkono na moyo pamoja.