Hesabu ya Fedha na Usalama wa Watu

Tangu miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji nchini Kenya yalitoza kodi, lakini mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mlipaji hakuwa na neno la mwisho. Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti yaliishiwa fedha, na sheria ya mwaka 1969 ikayaondolea shule za msingi, afya na barabara.

Katiba ya mwaka 2010 iliunda serikali za kaunti 47, ikazikabidhi, pamoja na mengine, kazi ya kuzima moto. Hapo fedha na usalama hukutana: gari la zimamoto likifika bila maji, kosa huenda lilianzia katika makisio. Kifungu 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu aripoti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na bunge la kaunti lichukue hatua katika miezi 3.

Lakini ripoti haizimi nyumba iliyokwisha kuteketea. Yatupasa kuuliza makisio yanapotungwa, maana Kifungu 201 chatupa haki hiyo. Wazee wetu hawakuwa nayo. Sisi tukinyamaza, tutamlaumu nani?