Regulata Mbili: Kwa Nini Fundi Alikataa

Likizo iliyopita nilifanya kibarua kwenye jengo la ghorofa mjini Kampala. Siku moja regulata ya mtungi wa asetilini iliharibika. Msimamizi akamtaka fundi wa kuchomelea afunge ya oksijeni iliyokuwa akiba, kwa kiungio cha kuchongesha mtaani. "Fundi, kwani zote si regulata?" aliuliza. Fundi alikataa, akakosa ujira wa siku ile. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia iko upande wa fundi.

Kazi ya regulata ni kupunguza shinikizo kubwa la mtungini na kulifanya lisipandepande. Chimbuko lake moja ni biashara ya bia. Mwaka 1889, mjini Lübeck, Ujerumani, Johann Heinrich Dräger na mshirika wake walianzisha kampuni iliyopata jina kwa vali ya kupunguza shinikizo la gesi iliyosukuma bia kutoka kwenye pipa. Baadaye ujuzi huo ulitumika kwa oksijeni, gesi ambayo Carl von Linde aliweza kuitenga kutoka kwenye hewa mwaka 1902, ikapatikana kwa wingi.

Historia ya asetilini ni ya machungu zaidi. Mwaka 1892 Thomas Willson, akiwa Marekani, alipata kabaidi katika tanuri la umeme. Kabaidi ikikutana na maji hutoa asetilini. Mwaka 1895 Henry Le Chatelier wa Ufaransa alionyesha kuwa gesi hiyo ikiungua na oksijeni hutoa mwali wa zaidi ya nyuzijoto 3,000. Lakini asetilini ikigandamizwa huweza kujivunja na kulipuka hata pasipo hewa. Waliojaribu kuihifadhi kama gesi nyingine walisababisha vifo Ulaya katika miaka ya 1890.

Kufikia 1897, Georges Claude na Albert Hess walikuwa wamegundua kuwa asetilini huyeyuka ndani ya asetoni na hapo hutulia. Gustaf Dalén wa Sweden akaboresha mtungi kwa kuujaza kitu chenye vitundu kinachofyonza asetoni. Mwaka 1912 alipofuka kwa mlipuko akijaribu mitungi, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa hiyo mafundi wa leo wamerithi vifaa viwili tofauti. Regulata ya asetilini haipaswi kutoa zaidi ya takriban baa 1.5, na nati yake hufungwa kwa kuzungushwa kushoto ili isiingiliane na ya oksijeni. Mtungi wa oksijeni hujazwa hadi baa 150 au 200, na regulata yake huweza kutoa baa 10. Kiungio alichokitaka msimamizi kingeondoa kizuizi kilichowekwa makusudi, na mkono mmoja ukikosea kuzungusha kitasa, asetilini ingepita mpaka wake.

Kwa kumalizia, ninaona kwamba kuchagua regulata hakuanzii kwenye bei. Kwanza tuulize ni ya gesi gani, inapokea shinikizo gani na inatoa kiasi gani. Fundi yule hakuwahi kulisikia jina la Dalén, lakini aliijua historia yake kwa mikono. Aliyestahili kurudishwa nyumbani siku ile ni kile kiungio.