Meno Matatu Bapa: Safari ya Plagi ya Kiingereza

Msafiri wa Kigoma akifika Bujumbura, Kiswahili chake kitamfaa sokoni na ndani ya basi, lakini pasi aliyobeba haina pa kuchomekwa. Plagi ya kwao ina meno matatu bapa. Huku soketi ina matundu mawili ya duara, na juu kidogo, katikati yake, kijiti cha chuma kimechomoza kutoka ukutani. Mwenzake aliyetoka Mombasa kwenda Muscat hapati taabu hiyo. Birika lake la umeme linaingia moja kwa moja. Walikotawala Waingereza, au walikokuwa na sauti, mara nyingi plagi yao ilibaki. Wabelgiji nao waliacha ya kwao.

Hata hivyo, umeme ulitufikia kabla ya plagi hii. Dar es Salaam ilikuwa na taa za umeme tangu 1908, enzi za Wajerumani. Kule Uingereza kwenyewe, soketi za miaka hiyo na baadaye zilikuwa za matundu ya duara, tena za ukubwa mbalimbali: ampea 2 kwa taa, 5 kwa vifaa vya kati, 15 kwa hita. Kila ukubwa na plagi yake, na nyumba moja ingeweza kuwa nazo zote.

Kilichobadilisha mambo ni Vita Kuu ya Pili. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi sana za Uingereza, na mwaka 1942, vita vikiwa bado vinarindima, wahandisi wa umeme walikusanywa katika kamati ya kupanga nyumba za baadaye zitafungwaje waya. Shaba ilikuwa adimu. Badala ya kila soketi kuvutiwa waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi, waliamua waya mmoja uzunguke nyumba, upite soketi moja hadi nyingine, kisha urudi ulikoanzia. Umeme ukifika kwenye soketi kutoka pande mbili, waya mwembamba unatosha kubeba mzigo mkubwa.

Lakini mzunguko huo ulilindwa na fyuzi ya ampea 30. Waya mwembamba wa taa ya mezani ungeungua mapema kabla fyuzi hiyo haijakatika. Ndipo wakaamua kila plagi ibebe fyuzi yake ndogo ndani ya tumbo lake: ya ampea 3 kwa taa au redio, ya 13 kwa pasi na birika. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika kifaa hiki, na ndilo tunalolidharau zaidi.

Katika kamati ile ya watu 20, mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mkurugenzi wa chama cha wanawake wa masuala ya umeme. Yeye aliyafahamu majumba kwa macho ya anayeyaendesha, na usalama wa watoto ukapewa nafasi yake. Taarifa ya kamati ilitoka 1944, na kiwango kipya, BS 1363, kikachapishwa 1947. Matundu mawili ya chini yakawekewa vifuniko kwa ndani. Jino la juu, la ethi, likafanywa refu kuliko mengine: linaingia kwanza, linagusana na waya wa ardhini, na papo hapo linasukuma vifuniko ili meno mawili mengine, ya laivu na nyutro, yapite. Ukichomoa, ethi ndiyo ya mwisho kuachia.

Fungua plagi nzuri kwa bisibisi uone ilivyofikiriwa. Waya wa kahawia, laivu, unakwenda kulia, mahali fyuzi ilipolala. Wa bluu, nyutro, kushoto. Wa kijani na njano unapanda juu. Fundi makini huuachia huu wa ethi urefu wa ziada, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, ethi ikatike baada ya zote. Na anayegusa kasha la chuma la kompyuta ya mezani akahisi mkono unatekenywa, mara nyingi ajue ethi haipo: umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye pawasaplai umekosa njia ya kushuka ardhini.

India, iliyopata uhuru mwaka huohuo wa 1947, ilibaki na meno ya duara hadi leo. Kenya, Uganda na Tanganyika, zikiwa bado chini ya Uingereza, zilifuata meno bapa, ingawa nchini Tanzania bado utakuta soketi za duara.

Kisha zikaja chaja za pini mbili nyembamba, za mtindo wa Ulaya uliosanifiwa miaka ya 1960. Ni nani hajamwona mtu akichomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vifuniko vifunguke, kisha akalazimisha chaja iingie chini? Simu inachaji kweli. Lakini pini hizo ni za milimita 4, zimepangwa kwa nafasi ya milimita 19, wakati matundu yetu yameachana milimita 22. Shaba ya ndani inapanuka upande mmoja, inalegea, na siku ya pasi mguso mbovu unapata moto hadi plastiki inayeyuka. Fyuzi nayo ikikatika, wengi huiviringishia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na ulinzi wote umekwisha hapo.

Watengenezaji wamepata njia yao. Tazama chaja za meno matatu zinazouzwa madukani: nyingi jino la juu ni plastiki tupu. Halibebi umeme na haliunganishi chochote na ardhi. Kazi yake ni kufungua vile vifuniko tu. Likivunjika, wenye chaja huirudia kalamu.