Ua letu ni lipi?

Juzi bwenini ulizuka ubishi. Marekani kila jimbo lina ua lake rasmi, sisi je? Nembo ya Taifa ina karafuu na pamba, ila hayo ni mazao. Jirani zetu wa Usambara wana Saintpaulia: Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliipeleka Ulaya mwaka 1892, ikapewa jina la familia yake!

Kwetu Nyumba ya Mungu ni bwawa, vumbi na migunga. Ila panda Upareni uone isale mipakani mwa mashamba. Ni majani tu, lakini kuling'oa ni ugomvi, na ukilipeleka kwa uliyemkosea unaomba amani. Wazee hawakungoja tangazo la serikali. Kura yangu isale. Yako je?